Wanasema bila ubatizo wa kampasi sitatambuliwa na mtu. Niende?

Swali:

"Jambo Mama. Nimetoka Likasi, nina miaka 19, nimeanza mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Lubumbashi. Sijapata kitanda changu, nalala kama maquisard kwenye chumba cha dada mmoja wa kwetu aliye mwaka wa tatu. Nina shangazi katika mtaa wa Katuba, lakini ni mbali na kampasi. Wakubwa wametutangazia kwamba Jumamosi usiku mableu wote, yaani wanafunzi wapya, tutabatizwa: kutambaa kwenye matope, kumwagiwa maji, kunywa watakachotupa, kukatwa nywele, na kila mmoja atoe faranga 20,000 za bia. Wanasema asiyebatizwa hatapewa silabusi (maandishi ya masomo) wala maswali ya mitihani iliyopita, hataongeleshwa na mtu, na hata akimaliza masomo, wa zamani walio kwenye makampuni ya madini hawatamtambua. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, alibatizwa, anasema ndiyo siku aliyokuwa mwanafunzi wa kweli. Mimi nina pumu. Baba hajui kitu. Nivumilie usiku mmoja yaishe, au nikatae niishi peke yangu miaka yote?"

Jibu:

Mwanangu, umefanya vizuri kuandika kabla ya Jumamosi. Ninavyosoma barua yako, matope siyo yanayokutisha. Unachoogopa ni kubaki peke yako katika mji mkubwa, ukilala kwenye kitanda cha mtu mwingine, huku wenye vitanda, wenye silabusi na wenye kujuana na watu wa kazini wote wakiwa upande mmoja. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo jibu langu ni kwamba Jumamosi usiku usiende. Kwa mtu mwenye pumu, jambo hili halipimwi kwa ujasiri. Nitakueleza kwa nini, kisha nikueleze namna ya kukataa, kwa sababu kuna kukataa kunakofunga milango na kuna kukataa kusikofunga.

Tuanze na hilo neno "lazima". Umekuwa mwanafunzi kwa diploma yako ya serikali, kwa faili ulilopeleka na kwa ada uliyolipa. Ukishaandikishwa, hakuna mwenzako, hata awe mwaka wa mwisho, mwenye mamlaka ya kukuongezea sharti. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 16, inakataza mtu yeyote kutendewa kwa ukatili au kwa kudhalilishwa. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 46, inamwadhibu anayempiga au kumjeruhi mwingine kwa kusudi, na vifungu viwili vinavyofuata vinaongeza adhabu aliyepigwa akiugua au akifa. Hakuna palipoandikwa kwamba sheria hiyo inalala usiku wa ubatizo. Ufaransa, ambako mambo haya yana mizizi mirefu, ilitunga sheria yake maalum tarehe 17 Juni 1998. Anayemfanyisha mwanafunzi vitendo vya kudhalilisha anaweza kufungwa miezi sita na kutozwa faini, ambayo leo ni euro 7,500, na sheria inasema wazi kwamba haijalishi kama aliyetendewa alikubali au hakukubali. Nakutajia hilo kwa sababu utaambiwa, "Mbona wenzako wote wamekubali?" Aliyekubali kwa kuogopa kukosa pa kulala hajakubali.

Utaambiwa pia kwamba hii ni desturi ya wazee, na anayeikataa anajifanya mzungu. Ukweli uko kinyume. Bleu kwa mgeni, poil kwa aliyekwisha kupita, ubatizo wenyewe: hayo yote yako kwenye vyuo vya Ubelgiji hadi leo, na yalikuja kwetu pamoja na vyuo. Chuo cha Lovanium kilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954 chini ya chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Chuo cha serikali cha Élisabethville, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilianza kufundisha mwaka 1956. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vitivo vikahamishwa huku na huku, kile cha fasihi kikaletwa hapa kwetu, na wanafunzi hawahami bila mazoea yao. Mwaka 1981 vyuo vikatenganishwa tena, mazoea yakabaki. Desturi hii kwetu ina umri wa babu mmoja.

Wengine wanaifananisha na mukanda, jando la wavulana. Kama una jamaa Walunda, Wachokwe au Waluvale, waulize. Katika mukanda kila mtoto ana mlezi wake, chilombola, anayemlisha, anayeangalia kidonda chake, anayewajibika mbele ya wazazi kwamba mtoto atarudi mzima. Wanakaa kambini wiki nyingi, hata miezi, wanafundishwa, na mama anajua mwanawe yuko mikononi mwa nani. Sasa Jumamosi hiyo, ukianguka, nani atasimama mbele ya baba yako ajibu? Waulize waandalizi swali hilo, tena umtake mtu mmoja aseme jina lake. Wasipompata, umejua kwamba huo si mukanda.

Huko Ubelgiji, desturi hii ilikotoka, wamekwisha kuzika mtu. Desemba 2018, kijana Sanda Dia, mwanafunzi wa uhandisi mwenye miaka 20 huko Leuven, mji uleule ambao Lovanium ilichukua jina lake, alitaka kuingia katika klabu ya wanafunzi. Wakubwa walimnywesha mchuzi wa samaki wenye chumvi kali, wakamkalisha kwenye shimo lenye maji baridi. Mwili wake ulipoa mno, chumvi ikajaa kwenye damu, viungo vikashindwa kazi, akafariki hospitalini. Mwezi Mei 2023 mahakama ya rufaa ya Antwerpen iliwahukumu vijana 18 kufanya kazi za kijamii na kulipa faini. Hao hawakuwa majambazi, walikuwa wanafunzi kutoka familia zinazojiweza, na hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akikusudia kuua. Nataka ulifikirie hilo, kwa sababu wewe pia utajiambia: "Wakubwa wetu si watu wabaya." Nami naamini si wabaya. Ila wema wao hautoshi kukulinda usiku huo, na sababu iko katika namna kundi linavyofanya kazi.

Usiku, watu wengi, bia inazunguka. Mmoja anaanza na ndoo ya maji, wa pili hawezi kuonekana dhaifu kuliko wa kwanza, anaongeza matope, wa tatu anaongeza kitu kingine. Ndani ya moyo wengi wao wanaona mambo yamezidi. Lakini kila mmoja akitazama wenzake anaona wanacheka, basi anadhani ni yeye peke yake mwenye wasiwasi, naye anacheka. Hivyo kundi zima linafika mahali ambapo hakuna hata mmoja wao angefika akiwa peke yake. Nimewasikiliza wanafunzi waliokuwa upande wa kubatiza, na maneno yao hufanana: "Nilitaka isimame, lakini nani angeanza kusema?"

Sasa tuje kwa yaya yako. Usimwite mwongo, kwa sababu hadanganyi. Anayosema anayaamini kabisa, na wanasaikolojia wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills, huko Marekani, waliwachukua wanafunzi wa kike 63 waliotaka kuingia katika kikundi cha mazungumzo. Baadhi waliingizwa kwa jaribio la aibu sana, wengine kwa jaribio dogo, wengine bila jaribio. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo ya kikundi hicho, yaliyotengenezwa makusudi yawe ya kuchosha. Waliopita kwenye aibu kubwa ndio waliosema mazungumzo yalikuwa mazuri. Mwaka 1966 watafiti wengine walirudia jambo hilo kwa kutumia maumivu ya umeme badala ya aibu, wakapata matokeo ya aina hiyohiyo. Akili ya mwanadamu haipendi kukubali kwamba iliteseka bure. Ikishalipa bei kubwa, inapandisha thamani ya kilichonunuliwa. Kwa hiyo yaya anapokumbuka siku ile kwa furaha, furaha hiyo ni ya kweli, ila haithibitishi kwamba mateso ndiyo yaliyomfanya mwanafunzi.

Je, mateso hayo angalau yanaleta umoja? Ndivyo wakubwa wanavyodai, na wengi wanadai kwa moyo safi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wanafunzi halisi waliokuwa wakiingizwa katika klabu ya udugu ya chuo, ukakuta ushahidi mdogo sana kwamba ukali wa majaribio unaongeza mshikamano. Hilo linalingana na ninayoyaona hapa. Muulize yaya rafiki zake wa leo ni akina nani, na urafiki huo ulianzia wapi. Nadhani atakuambia habari za kusoma pamoja usiku umeme ulipokatika, za kuchangia unga wa bukari mwisho wa mwezi, za mwenzake aliyempeleka hospitali akiwa na malaria. Usiku wa ubatizo ndio unaopewa sifa kwa sababu unasimulika kirahisi.

Nirudi kwenye mwili wako, maana hapa sina mjadala. Katika pumu, mirija ya hewa huvimba kwa ndani na misuli inayoizunguka hukaza. Vinavyoiamsha ni maji baridi, vumbi, moshi, kukimbia na kutambaa kwa nguvu, na pia hofu yenyewe, kwa kuwa mtu aliyeogopa anapumua harakaharaka. Mpango wa Jumamosi unavikusanya karibu vyote mahali pamoja. Zaidi ya hapo, watakuwa wamewanyang'anya mikoba na simu, pampu yako iko ndani ya mkoba, na ukianza kukosa pumzi watadhani unaigiza ili uachwe. Katika kelele zile nani atatofautisha? Usikubali hata ile huruma ya "wewe tutakufanyia kidogo tu", kwa sababu atakayeahidi hivyo saa moja jioni hatakuwa na uwezo wa kuzuia kundi saa sita usiku.

Haya, vitisho. Nitavipima kimoja kimoja bila kukupa moyo wa bure.

Silabusi za wakubwa zinasaidia, nisikufiche. Lakini si mali ya siri. Maswali ya zamani huzunguka, CP wa promosyo yenu, yaani kiongozi wa darasa lenu, anaweza kuyakusanya na kuyapiga fotokopi, mwalimu msaidizi anaweza kukuonyesha aina ya maswali ukimwendea kwa adabu baada ya somo, na maktaba ipo. Tena tangu mfumo mpya wa masomo wa LMD uanze, mwaka wa masomo 2021-2022, ile miaka ya graduat ya mfumo wa zamani imeondoka, masomo yamepangwa upya kwa krediti 60 kwa mwaka, na makaratasi mengi ya wale wa zamani kabisa hayalingani tena na mnayofundishwa.

Kutengwa kunaweza kutokea, hasa wiki za mwanzo. Kuna watakaokupita bila salamu, kuna atakayekupa jina la utani. Inauma, na sitaki ulale Jumamosi ukidhani Jumatatu itakuwa tamu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mara nyingi huwa haidumu. Mitihani ya semesta ya kwanza inapokaribia, anayeelewa somo na kumweleza mwenzake hatafutwi kwa sababu ya ubatizo wake.

Kitisho cha makampuni ya madini ndicho kikubwa, na ndicho chenye uongo mwingi uliochanganywa na ukweli kidogo. Ukweli ni kwamba katika Katanga yetu, tangu enzi za Union Minière hadi Gécamines, na sasa kwenye makampuni ya Kolwezi na Fungurume, kujuana kumefungulia watu wengi mlango. Waliosoma pamoja wanasaidiana. Hata waliosoma pamoja sekondari, kama shule ya Imara, wanatambuana wakiwa na mvi. Lakini fikiria mhandisi mwenye miaka 45 anayetafuta kijana wa staji, mafunzo ya kazini. Atajuaje ulitambaa au hukutambaa? Anachouliza ni nani alisimamia kazi yako ya mwisho, una alama gani, unaweza kuandika ripoti, ulifika kwa wakati ulipokuja kumwona. Wa zamani wanakutana na wapya siku ya kutoa digrii, wanapoalikwa kitivoni kuzungumza, kwenye mutuelle, chama cha kusaidiana cha watu wa kwenu, na kwenye staji. Huko ndiko uende, tena mapema. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejitolea kupanga viti na kuandika majina ya wageni siku kama hiyo atakuwa amesalimiana na wazee wengi kuliko aliyebatizwa mara kumi. Kwenye mutuelle nakuongezea tahadhari moja: ichukue kama mahali pa kusaidiana, usiifanye ukuta kati yako na watoto wa makabila mengine. Mji huu umekwisha kuumizwa na kuta za namna hiyo.

Kwa hiyo una njia gani? Kwenda na kuvumilia yote, nimekwisha kusema hapana. Kwenda na masharti yako ni hatari kwa sababu masharti hayashiki katikati ya kelele. Kujificha bila kusema neno kunakuokoa usiku ule, lakini Jumapili watakutafuta, na itakuwa kana kwamba una deni. Inabaki kukataa waziwazi, mapema, ukiwaachia kitu cha kushika mkononi.

Usiseme mbele ya kundi. Anza na huyo dada unayelala kwake, maana yeye ndiye anayebanwa kati yako na wenzake. Mwambie leo, mkiwa wawili, na umwonyeshe pampu yako. Kisha mwende pamoja kwa yule mkubwa anayeheshimiwa zaidi katika waandalizi. Kila kundi lina mmoja ambaye wengine humsikiliza. Sema kwa kifupi na kwa heshima: "Yaya, nina pumu, sitashiriki usiku huo. Ila nataka kuwa mmoja wenu. Nipeni kazi ya salongo, usafi wa pamoja, au ya kupika chakula cha Jumapili, nami nitaifanya." Usijitetee sana; kila maelezo unayoongeza yanamfungulia mtu njia ya kubishana. Ukipata mableu wengine wawili au watatu wanaoogopa kama wewe, na nina hakika wapo, nendeni pamoja. Kundi la watu wanne halisukumwi kirahisi kama mtu mmoja. Nimewahi kuona wakubwa wakishukuru kimoyomoyo kupewa sababu ya kubadilisha mpango: badala ya matope, wakafanya usafi wa bweni asubuhi, mpira mchana, nyimbo na chakula jioni, na kila mpya akapewa mkubwa wake wa kumwongoza mwaka mzima. Hayo ni mapokezi, na ningependa uyapate.

Kuhusu zile faranga 20,000: kuchangia chakula ambacho na wewe utakula ni sawa, ukiwa na uwezo. Kulipa ili uachwe kwa amani, usilipe. Anayelipa hivyo mara moja ataombwa tena. Nywele zako ni zako, hakuna anayekukata bila ruhusa. Na kitanda kisikawie: Jumatatu nenda kwenye ofisi ya mabweni uandikishe jina lako, hata kama orodha ni ndefu. Umaquisard ndio unaokufanya uogope kusema hapana, kwa hilo na kwa mengine yatakayokuja. Nauli ya Katuba kila siku ni mzigo, lakini mwezi mmoja kwa shangazi unaweza kukupa uhuru ambao hapo bwenini huna.

Wakisisitiza, au wakikutisha, hapo si suala la wanafunzi tena. Mwone sekretari wa kitivo au dekani ana kwa ana, ukiwa na cheti cha daktari na mtu mzima mmoja. Ujumbe wa vitisho kwenye simu usiufute.

Sasa mambo ambayo hayangoji, kwako au kwa mwenzako yeyote. Mwenye pumu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au pampu isipompa nafuu ndani ya dakika chache, apelekwe hospitali mara moja. Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, popote palipo karibu. Aliyenyweshwa pombe nyingi na haamki akiitwa alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake hata kidogo, asimwagiwe maji, apelekwe. Aliyefanyishwa mazoezi makali akaona mkojo wake umekuwa wa kahawia iliyokolea, misuli yake inavunjika na figo ziko hatarini. Hiyo ni hospitali, si kulala. Na ikiwa mtu ameguswa au kulazimishwa kimwili kwa namna ya ngono, hiyo ni jinai chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2006, haijalishi iliitwa mchezo gani. Afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa tu zikianzwa ndani ya muda huo, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Asifue nguo alizovaa.

Kuna pia maumivu yasiyoonekana. Wiki mbili zikipita na bado hulali, unalia bila sababu, au unakwepa madarasa kwa kuogopa nyuso fulani, tafuta mshauri wa wanafunzi au mwanasaikolojia wa hospitali mkae naye uso kwa uso. Maandishi kama haya hayatoshi kwa hilo.

Leo jioni mpigie baba simu. Huenda atakasirika kwamba hukumwambia habari ya kitanda. Mwache amalize, kisha mwombe mambo mawili: pesa za pampu ya pili, ili moja ibaki kwa dada chumbani, na ruhusa ya kulala kwa shangazi Katuba kuanzia Ijumaa hadi Jumapili mchana. Jumapili hiyo rudi kampasi mapema, uingie jikoni na wenzako.